Ongeza Mboga, Usimwage Mchuzi

Muulize mtu yeyote potasiamu inapatikana wapi, atakujibu: kwenye ndizi. Jibu si la uongo, ila halikufikishi mbali. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban miligramu 400. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: ndizi tisa, kila siku, mwaka mzima. Hata aliyekulia migombani atazikimbia kabla wiki haijaisha.

Hakuna haja ya kujitesa hivyo. Kikombe cha chai kilichojaa mchicha uliopikwa kina karibu mara mbili ya ndizi hiyo. Kikombe cha maharage kina miligramu 700 hivi, na nusu ya parachichi kubwa inakaribia 450. Chakula chetu cha kila siku kinaweza kutimiza kiasi chote kinachohitajika, mradi mboga ipakuliwe kama chakula na si kama pambo la sahani. Tunapokosea ni mahali pawili. Kwanza ni kwenye upakuaji, pale ugali unapokuwa mlima na mboga vijiko viwili. Pili ni jikoni, pale maji yaliyochemshia mboga yanapomwagwa pamoja na madini yake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hayo mawili.

Ila kama una ugonjwa wa figo, au unatumia dawa za presha au za moyo, anza kusoma sehemu ya mwisho. Huenda ushauri unaokufaa wewe ukawa kinyume kabisa cha ninayoyaandika hapa juu.

Inafanya nini mwilini

Karibu potasiamu yote ya mwili hukaa ndani ya seli, wakati sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi ya mezani, hukaa zaidi nje yake. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayowezesha neva kupeleka ujumbe na misuli kukaza na kulegea, na moyo nao ni msuli. Figo ndizo zinazolinda kiwango. Zikiwa nzima, ukila nyingi huitoa ziada kwa mkojo, na mtu mwenye afya hawezi kudhurika kwa kula matunda na mboga.

Faida inayomgusa mtu wa kawaida ni ya shinikizo la damu. Potasiamu ikiwa ya kutosha, figo huachia chumvi nyingi zaidi itoke na mkojo, na kuta za mishipa ya damu hulegea. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio linalojulikana kwa jina la DASH. Watu walilishwa mlo wenye matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na presha zao zikashuka ndani ya wiki chache bila kupunguziwa chumvi wala kupungua uzito. Tusiipe potasiamu sifa zote, kwa kuwa mlo ule ulikuwa pia na magnesi, kalsiamu na nyuzinyuzi. Ndiyo sababu sina imani na anayekimbilia vidonge. Kidonge kinakupa kitu kimoja, mchicha unakupa vyote hivyo, na kidonge cha potasiamu kikimezwa bila usimamizi kinaweza kuua.

Usijipime kwa kusikilizia dalili. Anayekula potasiamu kidogo miaka nenda miaka rudi kwa kawaida hasikii chochote, na presha hupanda kimyakimya. Ule upungufu mkali unaoleta misuli kuishiwa nguvu, choo kigumu na moyo kwenda mbio mara nyingi hausababishwi na chakula. Huja baada ya kuharisha au kutapika sana, au kwa dawa za kukojoza, na dawa yake haipo sokoni kwa muuza mboga. Nenda hospitali.

Siku mbili, matumbo yote yameshiba

Mchukue mkazi wa mjini ambaye hana njaa wala hajinyimi. Asubuhi amekunywa chai ya rangi kwa maandazi mawili. Mchana amekula wali, vipande viwili vya nyama, vijiko vitatu vya maharage na mchicha wa kuonja. Jioni ugali wa sembe, dagaa na kabichi kidogo. Ameshiba mara tatu. Ukijumlisha potasiamu aliyoipata, inagotea kwenye miligramu 1,500 hivi, chini ya nusu ya kinachoshauriwa.

Amepungukiwa wapi? Kwenye vile vinavyojaza sahani. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kama miligramu 35 tu. Ngano nyeupe ya maandazi nayo haina kitu cha kujivunia. Sembe hali kadhalika: mashine inapokoboa mahindi, kiini na pumba huondoka, na sehemu kubwa ya madini huondoka navyo. Dona ina takriban mara mbili ya sembe. Wanaoiita dona chakula cha shuleni na jeshini wanajidhulumu.

Sasa chukua siku nyingine ya mtu huyohuyo. Asubuhi viazi vitamu viwili vya kuchemsha (450) na chai ya maziwa (150). Mchana wali, lakini kidogo kuliko jana (50), maharage kikombe kizima na mchuzi wake (700), mchicha kikombe kizima (800), na kachumbari yenye nyanya moja (250). Jioni ugali wa dona (400), kipande cha samaki (350), matembele ya kutosha (300) na chungwa moja (230). Jumla inavuka 3,600, na ndizi haijaguswa.

Tazama kilichobadilika. Vyakula vya ajabu havikuongezwa. Maharage na mchicha vilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila vilipakuliwa kwa woga. Ukitaka kanuni ya kushika bila mizani wala karatasi, basi mboga na maharage kwa pamoja vichukue nusu ya sahani, na wali au ugali usizidi ile nusu nyingine, tena humo humo mpishe samaki au nyama.

Tarakimu hizi nimezikadiria na kuzizungusha. Aina ya mmea, udongo na ukomavu hubadilisha kiasi, na hata majedwali ya virutubisho, yakiwemo yale ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, hutoa wastani. Zitumie kulinganisha chakula na chakula, usizitumie kama hesabu za benki.

Sokoni

Anzia kwenye majani, kwa sababu ndipo penye nafuu ya bei na wingi wa potasiamu kwa pamoja. Mchicha, ambao Kenya wanauita terere, ndio mfalme: gramu 100 zilizopikwa zina takriban 600. Unafuatwa kwa karibu na ile spinachi ya masokoni kwetu yenye jani pana na bua nene, 550 hivi. Majani ya maboga yana zaidi ya 400. Matembele yako nyuma kidogo, ila yanaota uani bila kuombwa, na kitu kinachoota uani hakina mpinzani.

Sasa zile mboga mbili zinazotawala meza za mijini, sukuma wiki na kabichi. Zote zinachezea 200 kwa gramu 100, na sukuma wiki iliyochemshwa sana hushuka chini ya hapo. Simwambii mtu aziache. Zina mengine mazuri. Lakini kama nyumbani kwako ni sukuma Jumatatu, sukuma Jumatano na kabichi Ijumaa, badilisha siku mbili kati ya hizo ziwe terere, spinachi au majani ya maboga. Au changanya. Mama mboga anayekukatia sukuma hatakataa kukukatia terere humo humo, na mchanganyiko huo hata kwa ladha unaishinda sukuma peke yake.

Majani yana udanganyifu wao: yakiona moto hunywea. Sufuria ya lita tano iliyojaa majani yaliyokatwa, bila kushindiliwa, itakutolea vikombe vitatu hadi vinne vya mboga iliyoiva. Hiyo ni ya watu watatu au wanne kwa mlo mmoja. Ukinunua fungu moja kwa familia ya watu sita, hapo umenunua rangi ya sahani tu.

Kisha nenda kwenye mizizi na ndizi za kupika. Hapa pwani tuna hazina ambayo wengi huikumbuka Ramadhani peke yake. Viazi vikuu vilivyochemshwa vina kama miligramu 670 kwa gramu 100, zaidi hata ya mchicha. Magimbi na ndizi mbichi za kupika vinakaribia 480. Viazi mviringo 330 hadi 380, mihogo 270. Viazi vitamu vilivyomenywa vina 230, ila vikichomwa na ganda lake hufika mara mbili, kwa sababu maji yamekauka na hakuna kilichotoroka. Sahani ya futari yenye magimbi, viazi na ndizi ndani ya tui ina potasiamu ya kushinda siku nzima ya wali na maandazi. Bukoba na Uganda, ambako ndizi ndiyo chakula chenyewe, watu hawahitaji somo hili.

Angalizo moja hapo, hasa kwa mwenye kisukari au anayepambana na uzito: mizizi ichukue nafasi ya wali au ugali, isikae juu yake. Mlo wa wali na viazi na chapati kwenye sahani moja ni mlo wa sherehe.

Jamii ya maharage nisiipite haraka. Maharage na mbaazi zilizopikwa zinakaribia 400 kwa gramu 100, kunde, choroko na dengu zinapishana kati ya 270 na 370. Ni rahisi, haziozi, na ukichemsha nyingi Jumapili unazo hadi katikati ya wiki kwenye friji. Mbaazi za nazi wanazokula watu wa Mombasa na Tanga asubuhi kwa mahamri ni kifungua kinywa kizuri mno, ukiongeza mbaazi na kupunguza mahamri. Makande nayo, chakula kinachodharauliwa na vijana wengi mpaka wanapokwenda kupanga chumba, yanatia mahindi yenye kiini chake na maharage kwenye chungu kimoja.

Na unapofika msimu wa kiangazi, mboga zikapanda bei, kumbuka wenye busara ya ukame. Dodoma hukausha majani juani na kuyahifadhi. Wasukuma wana michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza kisha kukaushwa. Jua huondoa maji na baadhi ya vitamini, lakini potasiamu haiwezi kupaa angani. Inabaki kwenye jani na kwenye kiazi.

Jikoni ndipo inapopotea

Potasiamu haiungui. Ichemshe, ikaange, ioke, itabaki. Udhaifu wake ni maji, maana huyeyuka na kuhamia humo. Mboga ikikatwa ndogo, ikachemshwa kwenye maji mengi, kisha maji yakamwagwa, unaweza kupoteza hata nusu ya potasiamu yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila unaposhika sufuria ni kama maji yale yataliwa au yatamwagwa.

Osha majani yakiwa mazima, halafu ndipo ukate. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia majani na yale maji yaliyoganda juu yake baada ya kuoshwa, funika dakika chache, geuza, epua yakiwa bado yana rangi. Tui la nazi, kama unalipenda, litie mwishoni. Hakuna hatua ya kuchemsha na kukamua hapo, na mboga haidai. Najua wapo wanaokamua mchicha mpaka unakuwa donge ili usitoe maji kwenye ugali. Hao wanakula nyuzi na kumwagia bomba lishe.

Mnafu una uchungu, na ndio unaowafanya watu wauchemshe na kumwaga maji mara mbili. Njia bora ni kuuchanganya na mchicha au majani ya maboga, au kuupika kwa maziwa au karanga, vitu vinavyoufunika uchungu bila kuufukuza na madini yake. Ukishindwa kabisa, chemsha mara moja, maji kidogo, muda mfupi.

Viazi vitamu na viazi mviringo vichemshe na maganda, umenye vikiiva. Ndizi na magimbi vipike kama mchemsho au mtori, vyakula ambavyo mchuzi wake hunywewa. Waganda wanaoivisha matoke kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba wamelimaliza tatizo hili tangu enzi: ndizi haigusi maji. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji ya kuloweka ukitaka kupunguza gesi, hasara yake ni ndogo. Ila mchuzi wa kupikia usiumwage.

Kanuni hii ina mipaka, na mpaka wake ni sumu. Kisamvu na mihogo michungu vina viini vinavyotoa sayanidi. Kisamvu kitwangwe na kupikwa kwa muda mrefu kama mama zetu walivyofundisha, na mihogo michungu ilowekwe, ianikwe au iandaliwe kwa namna ya kienyeji inayojulikana mahali ulipo. Maji yake yamwagwe bila huruma. Usihatarishe maisha ya watu kwa sababu ya miligramu mia mbili.

Neno kuhusu magadi. Kenya na kaskazini mwa Tanzania watu huyatia kwenye makande, maharage na mlenda ili vilainike haraka. Magadi ni sodiamu, kwa hiyo mwenye presha anayejisifu kwamba amepunguza chumvi huku makande yake yana magadi bado hajapunguza. Waluhya wa magharibi mwa Kenya wana desturi nyingine: huchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharage na mimea mingine na kuyatumia kulainisha mboga. Majivu ya mimea, tofauti na magadi, yamejaa potasiamu. Sikuambii uanze kuchoma maganda, kwani magadi na majivu yote mawili huharibu vitamini za mboga, lakini inafaa kujua kwamba vitu viwili vinavyofanya kazi moja kwenye chungu havifanyi kazi moja kwenye mishipa ya damu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila kimojawapo.

Chumvi yenyewe isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na humo imo ya mkate, ya vidonge vya mchuzi na ya dagaa waliokaushwa. Ukila mchicha kikombe kizima uliotiwa vidonge viwili vya mchuzi, mkono mmoja umejenga, wa pili unabomoa. Ndimu, ukwaju, bilimbi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili vinatosha kuipa mboga ladha. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, ingawa wiki ya kwanza familia italalamika. Waache walalamike.

Na chipsi? Kwa potasiamu, viazi vya kukaanga haviko nyuma, kwa sababu mafuta hayayeyushi madini. Tatizo lake ni mafuta yaliyotumika tangu juzi na chumvi inayonyunyizwa kama mvua. Usije ukanukuu makala hii mbele ya kibanda cha chipsi mayai.

Matunda na vinywaji

Matunda ni nyongeza nzuri, ila si nguzo. Parachichi linaongoza kwa karibu 480 kwa gramu 100, na faida yake ni kwamba linaliwa na chakula. Fenesi na mapera hayako mbali, kati ya 400 na 450. Pasheni 350. Papai na chungwa 180, embe 170. Tikiti na nanasi ni 110 tu, lakini tikiti nani anakula kipande kimoja? Tende tano zinakupa kama 250, na sukari nyingi. Ubuyu na ukwaju vina potasiamu nyingi sana, ila ubuyu ule mwekundu wa kumung'unya na juisi ya ukwaju ya mtaani vimebeba sukari inayofuta faida. Loweka ubuyu mkavu mwenyewe, sukari weka kidogo au usiweke.

Kula tunda zima kuliko kulikamua. Chungwa moja linakushibisha, bilauri ya juisi inameza machungwa matatu na unataka nyingine.

Dafu linastahili heshima yake. Bilauri ya robo lita ina takriban miligramu 600, na dafu kubwa linaweza kutoa karibu mara mbili ya hapo, na sukari yake ni ndogo kuliko ya soda. Kama unapitia kwa muuza madafu badala ya kufungua chupa ya soda, umefanya biashara nzuri. Ila usilitegemee kumtibu anayeharisha. Maji ya dafu yana sodiamu kidogo mno. Pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini inayotolewa zahanati ina sodiamu, glukosi na kloridi ya potasiamu, gramu 1.5 kwa lita, kwa uwiano uliopimwa. Dafu lisichukue nafasi yake.

Nani ajihadhari

Figo zikichoka, potasiamu haina pa kutokea. Inarundikana kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo hata kuusimamisha, mara nyingi bila kupiga hodi. Kwa mtu wa namna hiyo mchicha, maharage, parachichi na dafu, vyote nilivyovisifu, vinaweza kuwa hatari. Usiongeze chochote kabla ya kupimwa damu kama una ugonjwa wa figo, unasafishwa damu kwa mashine, una kisukari au presha ya miaka mingi na hujawahi kupimwa figo, au moyo wako umedhoofika.

Dawa nazo zina mikono yake. Enalapril, lisinopril, captopril, losartan na spironolactone, dawa za presha na moyo zinazotolewa kila siku katika kliniki zetu, hupandisha potasiamu. Dawa ya kuua bakteria inayoitwa co-trimoxazole, ambayo watu wengi hukabidhiwa bila maelezo, inaweza kuipandisha pia. Kinyume chake, furosemide na hydrochlorothiazide, dawa za kukojoza, huishusha. Wengi humeza dawa ya kupandisha na ya kushusha kwa pamoja, na hapo huwezi kukisia kwa kuangalia sahani. Kipimo cha damu ndicho kinachosema: kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita, au karibu na hapo kulingana na maabara. Omba na kipimo cha kreatinini kwa ajili ya figo.

Chunguza pia zile chumvi zinazouzwa madukani zikitangazwa kuwa za wenye presha. Nyingi zimepunguzwa sodiamu kwa kuwekewa kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima zinaweza kumsaidia kweli: katika vijiji 600 vya China, watu wapatao 21,000 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliopewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu ya wenzao. Lakini jaribio lile liliwaacha nje wenye ugonjwa mkubwa wa figo. Soma pakiti. Ukiona neno potasiamu na huna uhakika na figo zako, irudishe rafuni.

Ukishaambiwa upunguze, lile somo la jikoni linageuka. Sasa unataka maji yaibe potasiamu. Menya viazi au magimbi, kata vipande vyembamba, chemsha kwenye maji mengi, mwaga, tia maji mapya ya moto, chemsha tena mpaka viive, mwaga. Kuchemsha mara mbili kunatoa potasiamu nyingi kuliko kuloweka tu usiku kucha. Majani fanya vivyo hivyo, chagua kabichi badala ya mchicha, na mchuzi usiunywe. Dafu, tende, parachichi na nyanya ya kopo uulize kwanza, na kama ni mwezi wa Ramadhani mwambie daktari mapema, maana futari na tende na dafu vikiingia kwa saa moja jioni ni mzigo mkubwa kuliko vingetawanywa siku nzima. Ukienda kliniki beba dawa zako zote mfukoni, pamoja na za mitishamba na ile pakiti ya chumvi, badala ya kusimulia kwa kumbukumbu.

Na mgonjwa wa figo akianza ghafla kulegea miguu, au moyo ukawa unaruka mapigo, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama tarehe yake ya kliniki ni kesho.